Ukuta Wenye Milango

Mbele ya nyonga ya kila binadamu, kulia na kushoto, mfupa una uwazi mkubwa uliozibwa kwa utando mgumu. Juu kabisa ya utando huo umeachwa upenyo mdogo, njia yenye urefu wa sentimita 2 hadi 3 na upana wa sentimita 1 hivi. Ndimo unamopita mshipa wa fahamu, pamoja na mishipa ya damu, kwenda kwenye misuli ya ndani ya paja, ile inayokusanya miguu yetu tunapotembea na kusimama. Kwa kawaida upenyo huo hujazwa mafuta laini ya mwili, na mtu huishi miaka yake yote bila kujua kwamba upo. Lakini mtu akizeeka na kukonda, hasa mwanamke aliyezaa mara kadhaa, mafuta yale hupungua, njia hubaki wazi, na siku moja kipande cha utumbo huteleza humo kikanaswa. Uvimbe hauonekani, kwa kuwa misuli ya paja imepafunika mahali penyewe. Mgonjwa hulalamikia goti au upande wa ndani wa paja. Kisha tumbo huanza kusokota, anatapika, hapati choo wala hewa haitoki. Goti linachuliwa dawa ya baridi yabisi, na huko ndani utumbo unaendelea kufa.

Utumbo kupenya hivyo huitwa ngiri, na katika hesabu za hospitali ngiri hii ya nyonga ni nadra. Haizidi moja katika kila ngiri mia. Nayo ina jamaa zake. Iko ile inayotokea pembeni mwa msuli mrefu wa katikati ya tumbo, kwenye mshono uliopinda kama mwezi mwandamo, mshono uliopewa jina la Adriaan van den Spiegel, mwalimu wa elimu ya viungo aliyefundisha Padova, Italia, akafariki mwaka 1625. Mshono ulijulikana tangu zama zake, lakini ngiri ya mahali hapo haikuelezwa hadi mwaka 1764, kwa sababu utumbo ukishapenya haujitokezi nje. Unasimama kati ya tabaka za misuli, chini ya tabaka la juu ambalo bado ni zima, na mkono unaopapasa tumbo huenda usikute kitu. Iko ya kiunoni, nyuma, kati ya mbavu na nyonga. Iko pia ile iliyoelezwa na Mjerumani August Richter katika karne ya 18, ambayo hunasa upande mmoja tu wa ukuta wa utumbo: chakula kinaendelea kupita, mgonjwa anapata choo, walio karibu naye wanatulia, kumbe upande ulionaswa unaoza. Kila moja ina tabia yake, ila zote zinatofautiana kwa jambo moja na ngiri ya kinena ambayo watu wa pwani wamezoea kuiita mshipa. Hizi zinaua zikiwa zimejificha.

Hapo ndipo swali la imani linapoingia. Mwislamu anafundishwa na Sura ya Tini kwamba mtu ameumbwa katika umbo lililo bora kabisa. Myahudi na Mkristo wanaisoma Zaburi ya 139, ambamo mwimbaji anamshukuru Muumba kwa namna ya ajabu alivyotengenezwa. Galeni, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, aliandika kitabu kirefu kuonyesha kwamba kila kiungo kimewekwa kwa kazi yake, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliona kwamba anayesoma elimu ya viungo hawezi kukwepa kuikiri hekima ya Muumba. Sasa mjenzi gani hujenga ukuta kwa tabaka za misuli zilizopishana kwa ustadi kama huu, kisha akaacha humo matundu yanayoweza kumuua mwenye nyumba? Yaelekea ama umbo si bora, ama tundu si kosa. Ninachokitetea hapa kina sehemu mbili, na sehemu ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza. Tundu la ukuta wa tumbo halipingani na ubora wa umbo, kwa sababu ni mlango ambao uhai wenyewe unaupitia. Lakini kifo kinachotokea mlangoni hapo hakimo katika hoja hiyo, kwa kuwa mara nyingi kinaletwa na kuchelewa, na kuchelewa ni kwetu sisi.

Kiswahili kinatupa pa kuanzia, kwa sababu hakichanganyi majina ya uwazi. Ufa ni uwazi ambao mjenzi hakuukusudia, na methali inatuonya kwamba asiyeuziba atajenga ukuta. Mlango ni uwazi uliokusudiwa, una miimo na kizingiti, na anayeuziba kwa matofali anaiharibu nyumba. Kosa la kwanza la anayelitazama tumbo kama ukuta ni kuita kila uwazi ufa. Tuangalie basi ngiri zinatokea wapi. Zinatokea kitovuni, palipopita mishipa ya damu iliyomlisha mtoto ndani ya mama yake. Zinatokea kinenani, kwenye njia ambayo korodani za mtoto wa kiume huishukia kabla ya kuzaliwa. Zinatokea mwanzo wa paja, kando ya mishipa mikubwa inayopeleka damu mguuni na kuirudisha. Zinatokea katika ule upenyo wa nyonga. Hata mshono wa Spiegel unavukwa na vimishipa vidogo viendavyo kwenye tabaka za nje. Ukiichora ramani ya ngiri, inakaribia kuwa ramani ya vitu vinavyoingia na kutoka. Anayetamani tumbo lisilo na pa kupenyeka anatamani pia, pengine bila kujua, mguu usiofikiwa na damu, paja lisilo na fahamu na mtoto asiyelishwa.

Ushahidi wa pili ni wa mapema zaidi. Kufikia wiki ya 6 hivi ya kukua kwake, utumbo wa mtoto aliye tumboni unarefuka upesi kuliko nafasi iliyopo, kwa sababu ini limekwisha kuijaza sehemu kubwa. Utumbo hauna pa kukaa, basi unatoka. Unapita kitovuni, unaingia ndani ya kiungamwana, unakaa humo wiki kadhaa ukikua na kujizungusha, na kufikia wiki ya 10 hivi unaanza kurudi ndani na kukaa katika mpangilio tunaoujua. Kila aliye hai, mwenye nguvu na mnyonge, amewahi kuwa na utumbo nje ya tumbo lake. Kama mlango ungefungwa mapema, utumbo usingepata nafasi ya kujipanga. Hili si jambo dogo kwa anayetafakari uumbaji. Tukio lilelile ambalo kwa mtu mzima linaitwa ugonjwa, kwa kiumbe wa wiki chache ni hatua ya kutengenezwa kwake. Uwazi ulitangulia, na ukuta ukajengwa kuuzunguka.

Watoto wetu hutegana kitendawili cha nyumba isiyo na mlango, na jibu lake ni yai. Anayetaka mwili usio na uwazi analitaka yai. Lakini yai ni makazi ya siku chache, na aliyemo hawezi kutoka bila kulivunja. Isitoshe, gamba lenyewe, likitazamwa kwa darubini, limejaa vitundu vinavyopitisha hewa. Likipakwa mafuta likazibika kabisa, kifaranga hufia ndani. Hata nyumba ya kitendawili, kumbe, ina milango. Ndiyo maana sioni mgongano ndani ya Kurani inaposema katika Sura ya Tini kwamba mtu ana umbo bora, na katika Sura ya Nisaa kwamba ameumbwa dhaifu. Sioni mgongano pia kwa Mtume Paulo anapotaja hazina iliyowekwa katika vyombo vya udongo. Ubora wa kiumbe hai haupimwi kwa kutopenyeka, maana jiwe lingetushinda sote. Unapimwa kwa kupokea, kutoa, kukua na kuzaa, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachowezekana pasipo mahali palipo wazi, nako kuwa wazi ni kuwa hatarini.

Mtu atauliza: Mwenye uwezo wote angeshindwaje kutengeneza mlango unaopitisha mshipa na kuukataa utumbo? Pingamizi hili ni la haki, nalo limewasumbua wakubwa. Ghazali alifundisha kwamba ulimwengu jinsi ulivyo haungeweza kuwa mzuri zaidi, na wanazuoni wakabishana juu ya kauli hiyo kwa karne nyingi, baadhi wakiona inampunguzia Mungu uwezo. Leibniz alitetea wazo la jirani na hilo mwaka 1710, naye Voltaire akalishambulia mwaka 1759, miaka michache baada ya tetemeko kuiangusha Lisbon. Mimi sihitaji kwenda mbali kiasi hicho. Sidai kwamba tumbo hili ni bora kuliko matumbo yote yanayoweza kuwazwa. Nasema tu kwamba anayelitaka jingine ana wajibu wa kutuonyesha mchoro wake wote, asituonyeshe tundu moja lililozibwa. Aubane mlango zaidi, naye ataubana mshipa, kwani upenyo wa nyonga tayari ni finyu. Aufanye ukuta mgumu kama mbavu pande zote, mimba haitapata pa kukulia na mgongo hautainama. Kila anaporekebisha hapa anavunja pale, na mwisho wake ana kiumbe mwingine, ambaye hatuwezi kusema kwamba ni sisi tuliotengenezwa vizuri zaidi.

Wapo wanaosema swali lote halina maana, kwa sababu mwili haukuchorwa na yeyote. Kwao udhaifu wa kinena ni gharama ya kusimama kwa miguu miwili: mnyama wa miguu minne hubeba matumbo yake juu ya ukuta mpana uliolala, na sisi tukausimamisha ukuta huo, uzito ukaangukia sehemu za chini zenye milango. Maelezo hayo yana mengi ya kukubalika, na sioni sababu ya muumini kuyaogopa. Yanaeleza mambo yalifikaje hapa. Hayafuti tulichokiona kwamba mlango ni sharti la kupita. Tena yanaiongezea hoja yetu mfano mwingine. Kusimama kulituachia mikono huru, na mikono hiyo ndiyo inayoshika kisu cha upasuaji na uzi wa kushonea. Kama kusimama kumetupa udhaifu wa kinena, kumetupa pia kiungo cha kuutibu. Anayeamini atauona hapo mpango, na asiyeamini atauona mwenendo wa maumbile. Wote wawili watakutana kwenye wajibu uleule, ambao nitaufikia.

Kuna pingamizi la tatu, la mtu makini. Si kila ngiri iko mlangoni. Kiunoni mahali penyewe ni pembe iliyobaki pale misuli mipana isipofunikana vizuri, na si rahisi kusema kwamba kitu kikubwa kilihitaji kupita hapo. Halafu kuna ngiri za makovu, zinazotokea palipopasuliwa na daktari. Nakubali, na hoja haina budi kupanuliwa kwa uangalifu. Mbali na milango, ukuta wa tumbo una mishono, nao una mishono kwa sababu umeundwa kwa vipande vinavyovuta kwenda pande tofauti. Msuli mmoja unainamisha, mwingine unazungusha, wa tatu unakaza kikohozi na uchungu wa uzazi. Kitambaa kimoja kisicho na mshono kingetupa kanzu isiyovalika. Kovu nalo ni mshono ulioongezwa na binadamu ili kuokoa maisha, na likilegea linatukumbusha kwamba hata wema wetu huacha mahali dhaifu. Kwa hiyo kanuni haivunjiki: panapotakiwa kupita au kujongea, uimara kamili hauwezekani.

Pingamizi zito kuliko yote haliko vitabuni. Liko kwenye jamvi la matanga. Mnatuambia mlango ulikuwa wa lazima, lakini mama yetu amekufa. Maelezo yenu yanatusaidia nini? Hapa ni lazima mtetezi wa uumbaji anyamaze kwanza, kisha, akisema, atenganishe mambo mawili ambayo wengi huyaunganisha. Kueleza tundu si kueleza kifo. Utumbo ukinaswa, mishipa inayorudisha damu ndiyo inayotangulia kubanwa. Ukuta wa utumbo unavimba, na uvimbe unazidisha kubanwa. Baadaye damu inayoingia nayo inakatika, ukuta unageuka mweusi, unatoboka, na uchafu unamwagika ndani ya tumbo. Mwendo huo hauchukui dakika, unachukua saa. Kati ya kunaswa na kuoza kuna muda, na katika muda huo mkono wa mtu mwingine unaweza kuingia, kuutoa utumbo, kuushona mlango na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Mlango tuliumbwa nao. Muda tumepewa. Kinachofanyika ndani ya muda huo kiko mikononi mwetu, na anayekitupa kwenye hesabu ya Muumba anakwepa hesabu yake mwenyewe.

Historia ya jiji la London inaonyesha tofauti hii katika miaka miwili tu. Mwezi Desemba 1735, katika Hospitali ya St George's, Claudius Amyand, mpasuaji wa Mfalme George wa Pili, alimpasua mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri isiyo ya kawaida: ndani yake kilikuwamo kidole tumbo kilichotobolewa na pini. Nusukaputi ilikuwa bado haijagunduliwa, na kazi ilichukua karibu nusu saa. Mtoto alipona. Novemba 1737, Caroline, mke wa mfalme huyohuyo, alishikwa na maumivu makali ya tumbo na kutapika. Alikuwa na ngiri ya kitovu tangu alipomzaa mtoto wake wa mwisho mwaka 1724, na alikuwa ameificha miaka yote hiyo. Matabibu walimtoa damu na kumpa dawa za kuharisha kwa tumbo wasilolikagua, mpaka mfalme mwenyewe alipofichua siri. Mpasuaji John Ranby alipoitwa, muda ulikuwa umekwisha kupotea. Utumbo ulipasuka, na malkia akafariki tarehe 20 Novemba. Ngiri yake haikuwa ya aina nadra, ila ilifichwa kama hizo zinavyojificha. Mficha maradhi kilio humfichua, nacho kilimfichua mke wa mfalme sawasawa na yeyote. Sidai kwamba Ranby angemponya kwa hakika akiitwa mapema, kwa maana upasuaji wa zama zile uliua wengi. Ninachosema ni kwamba mtoto asiye na cheo alifunuliwa akatazamwa, na malkia mwenye matabibu wote hakufunuliwa.

Tusidhani hayo yalikuwa ya zamani. Katika nchi tajiri utumbo mwembamba ukiziba, sababu inayoongoza ni makovu ya ndani yaliyoachwa na upasuaji uliotangulia. Katika sehemu nyingi za Afrika, ngiri zimekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa sababu kuu. Tofauti hiyo haikutoka kwenye maumbile, kwani matumbo ni yaleyale. Imetoka kwenye ngiri zilizoachwa bila kushonwa kwa sababu chumba cha upasuaji kiko mbali, au gharama haibebeki, au aibu imefunga mdomo. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawana njia ya kupata upasuaji salama wanaoweza kuumudu. Wala si kweli kwamba dawa ya hali hiyo lazima iwe ghali. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda kwa wanaume 302 wenye ngiri ya kinena: nusu walitiwa wavu wa kiwandani, nusu wavu uliotokana na kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kwa kazi hiyo, na baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya maana kati yao. Kitambaa kinachozuia mbu kiliweza kuzuia utumbo. Inapojulikana kwamba mlango unaweza kufungwa kwa gharama ndogo hivyo, kuuacha wazi ni uamuzi, na uamuzi una wenyewe.

Atatokea mtu wa dini aseme, siku zake zilikuwa zimefika. Sitaki kuidharau kauli hiyo, maana imewashikilia wengi wasianguke. Nataka tu iwekwe mahali pake. Katika mapokeo ya Kiislamu, Mtume alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu, na aliwahimiza watu watafute tiba. Katika Injili ya Yohana, wanafunzi walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu aliikataa hesabu hiyo, akafanya tope, akampaka machoni, akamtuma akanawe. Mapokeo yote mawili hayakanushi kadari. Yanakataa tu kuitumia badala ya kazi. Kauli ya kwamba siku zimefika, ikisemwa baada ya jitihada, ni subira. Ikisemwa kabla yake, ni kisingizio kilichovaa kilemba.

Atatokea pia mtu wa hesabu aseme, haya ni maradhi nadra; nchi yenye malaria na vifo vya uzazi isipoteze nguvu kwa ngiri ambayo daktari wa wilaya huenda asiione hata mara moja katika kazi yake. Ningekubaliana naye kama kuyatafuta maradhi haya kungehitaji fungu la pekee. Halihitajiki. Ngiri nadra hupatikana kwa mazoea yaleyale yanayopata ngiri za kawaida: mgonjwa anayetapika na kuvimba tumbo avuliwe nguo kwa staha nyuma ya pazia, akaguliwe kitovu, kinena na paja pande zote, makovu yake na kiuno chake, aulizwe kuhusu mguu, na palipo na skani ya tumbo ipigwe upesi, kwa kuwa picha yake huonyesha wazi kilichofichwa na misuli. Mwanamke mwenye haya apatiwe mhudumu mwanamke. Anayekagua hivyo kwa ajili ya nadra hatamkosa wa kawaida. Tena unadra ni sifa ya orodha. Aliyelala kitandani anaugua kwa ukamilifu wake. Mchungaji wa Injili ya Luka aliwaacha 99 akamfuata mmoja, na Sura ya Maida inamhesabu aliyeokoa nafsi moja kama aliyeokoa watu wote. Hiyo ni hesabu pia, na muumini amekwisha kuikubali.

Narudi kwenye upenyo wa nyonga, kwa sababu una jambo moja la mwisho la kutufundisha. Uliachwa wazi kwa ajili ya mshipa wa fahamu. Utumbo unapojipenyeza humo, mshipa huohuo ndio unaobanwa, nao hupeleka maumivu ndani ya paja hadi gotini. Mguu ukinyooshwa yanazidi, ukikunjwa yanapungua. Mwingereza John Howship aliieleza dalili hiyo mwaka 1840 na Mjerumani Moritz Romberg mwaka 1848, ingawa ngiri yenyewe ilikuwa imejulikana tangu mwaka 1724. Si kila mgonjwa anayo, na wengi hufika hospitali bila dalili hiyo. Lakini inapokuwepo, mlango unaopitisha hatari unapitisha pia habari zake. Bibi anayesema goti linamuuma huku anatapika hajachanganyikiwa kwa uzee. Anasema kweli juu ya mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kupaona. Aliyeketi mbele yake, awe mwanawe au mganga wa zahanati, hajapewa kazi ya kumtetea Muumba. Amepewa kazi ya kumwomba aunyooshe mguu ule polepole, amtazame usoni, na kama uso umekunjamana, atafute gari saa hiyohiyo.